Lishe "kamili" iliyomtetemesha Babu

Kwenye kopo la peleti, vile vidonge vya chakula kikavu, wameandika lishe kamili. Kamili! Babu, mjusi wangu wa ndevu, aliitazama peleti ya kwanza kwa jicho la kushoto, akageuza kichwa akaitazama kwa la kulia, akailamba, akaitema, akapanda juu ya jiwe lake kuota joto. Siku ya kwanza nilicheka. Baada ya siku kadhaa kicheko kiliniisha.

Nikampigia aliyeniuzia. Nikamweleza kwa upole kwamba mnyama hali. Akanijibu, "Dada, huyo ni mjusi, si mwali. Njaa ikimbana atakula." Halafu, kabla simu haijakatika, nikamsikia akicheka na mwenzake. Kicheko hicho ndicho kilichoniketisha hapa kuandika, maana peleti peke yake ningeisamehe.

Njaa ikambana kweli, akala. Nami mjinga nikafurahi. Nyenje nikaacha kununua, majani nikawa nampa siku nikikumbuka. Haukupita muda mrefu nikaona vidole vya mguu wake wa nyuma vinachezacheza vyenyewe, hata akiwa amelala. Daktari wa wanyama akambonyeza taya kwa kidole: linabonyea. Mifupa imekosa kalsiamu.

Hapa niseme ukweli. Daktari aliniuliza taa ya UVB, ile inayompa mjusi miale kama ya jua, niliibadilisha lini, nikakosa la kujibu. Kumbe taa inaweza kuwaka vizuri tu huku miale yenyewe imeshafifia, na bila miale hiyo mjusi hatengenezi vitamini D3, basi kalsiamu unayompa inapita tu. Kwa hiyo si kosa la kopo lote. Lakini taa hiyo aliniuzia nani? Yuleyule! Wala hakufungua mdomo kunionya.

Sasa bakuli la Babu ni majani zaidi, kwa kuwa ameshakuwa mtu mzima; wadogo ndio wa kujazwa wadudu. Majani ya haradali, malenge yaliyokunwa, nayabadilisha asizoee kimoja. Spinachi mara mojamoja tu, kwani inaifunga kalsiamu isifike mwilini. Parachichi marufuku, ni sumu kwake. Nyenje nawalisha vizuri wao kwanza, kesho yake nawatikisa kwenye mfuko wenye unga wa kalsiamu mpaka watoke weupe kama wametoka kinuni, na simpi nyenje aliye mkubwa kuliko nafasi iliyo kati ya macho mawili ya Babu. Mabuu ya nzi askari ndiyo anayoyafukuzia kwa mbio, ulimi nje, hadi anajigonga kwenye kioo. Mnyama huyohuyo niliyeambiwa angoje njaa!

Na peleti je? Nikiziloweka chache na kuzificha chini ya malenge, anazila. Si mbaya kama kiongezo, nakiri. Nilikuwa nimeshaamua kutoa nyota tatu. Kisha nikaokota kopo kuhakikisha maandishi, nikasoma tena lile neno "kamili", nikakumbuka na yule wa kwenye simu. Nyota moja, na hiyo ni ya kifuniko, kinafunga vizuri.

Babu naye aliliona kopo mkononi mwangu. Akavimbisha koo, ndevu zikawa nyeusi tii.