Nimekula Guangzhou siku kumi bila Kichina: simu au karatasi?

Haya ndugu zangu, karibuni. Leo sina mzigo wa kuwaonyesha. Viatu na pochi tuviweke kando, maana swali mnaloniuliza kila siku ni moja: "Dada, nakwenda Guangzhou, Kichina sijui, nitakula nini?" Nimekaa huku siku kumi, njia tatu nimezijaribu kwa tumbo langu mwenyewe, leo natoa maksi.

Ya kwanza, kamera ya kutafsiri ya Google kwenye simu. Unaielekeza kwenye menyu, maandishi yanageuka hapo hapo. Ila ukitumia laini ya huku au waifai ya hoteli, Google haifunguki. Laini yako ya nyumbani yenye bando la nje ya nchi inafungua. La sivyo, pakua Kichina kabla hujapanda ndege, ili tafsiri ifanye kazi bila intaneti.

Sasa sikilizeni yaliyonikuta. Siku ya pili kamera inanisomea: "sisimizi wanapanda mti." Chini yake, "mapafu ya mume na mke." Chini tena, "kichwa cha simba." Nikajiuliza, hapa nimeingia mgahawani au kwa mganga? Nikaagiza sisimizi, kwa ubishi tu. Ikaja sahani ya tambi nyembamba zenye nyama ya kusaga, inanukia, jamani! Vijiti viko mkononi, moyo ukaniambia uliza kwanza. Nikaandika kwenye simu: nyama gani hii? Mhudumu akatabasamu, akasema "zhu". Kitimoto, na mimi nguruwe sili!

Na kamera haikukosea hata herufi moja. Hayo ndiyo majina yenyewe ya vyakula. Hao mume na mke ni vipande vya nyama ya ng'ombe na matumbo, vya baridi, vimejaa pilipili. Kichwa cha simba ni madonge ya nyama ya nguruwe. Simu inasoma jina, haifunui sufuria. Sita kwa kumi.

Shikeni hili: "rou" ni nyama, na ikikaa peke yake kwenye menyu, kwa kawaida ni ya nguruwe. Ya ng'ombe ni "niurou", ya mbuzi au kondoo "yangrou", kuku "ji".

Ya pili, msimbo wa QR uliobandikwa mezani. Unauskani kwa WeChat au Alipay, programu za simu wanazolipia huku, menyu inafunguka ina picha, unabonyeza unachotaka na kulipa. Husemi neno. Ukiziunganisha humo, kadi za Visa na Mastercard zinakubali. Kwenye Alipay malipo yasiyozidi yuan 200 hayana makato ya kadi ya nje, yakizidi ni asilimia 3. Jisajili ukiwa nyumbani, na pasipoti yako karibu. Kero yake, sehemu nyingine inadai namba ya simu ya Kichina, na hapo unakwama. Nane.

Ya tatu mtanicheka: karatasi. Nilimwomba dada wa mapokezi aniandikie kwa Kichina, "Sili nyama ya nguruwe wala mafuta yake." Hayo mafuta msiyasahau, maana mboga za majani nazo wanaweza kuzikaangia humo. Naingia, natoa karatasi, mhudumu anasoma, ananionyesha kwa kidole vinavyonifaa. Haiishi chaji. Tisa na nusu.

Na ukichoka kabisa, nenda kwenye tambi za Lanzhou, zile wanazozivuta kwa mikono mbele yako. Tafuta neno "qingzhen" (清真) mlangoni, wakati mwingine na maandishi ya Kiarabu pembeni: ni halali. Picha za vyakula ziko ukutani, wewe nyoosha kidole useme "zhege", hii. Pilipili huitaki? "Bu yao la." Mitaa ya Xiaobei, wanakofikia wafanyabiashara wengi wetu, hutembei sana kuzipata.

Karatasi yenyewe hii hapa, samahani kwa madoa ya mchuzi. Naisogeza karibu na kamera, piga picha ya skrini. Nahesabu mpaka tano. Moja... mbili...