CSS Profile: fomu ya msaada wa fedha isiyomjua mkulima wala mama ntilie

Mwombaji wa Tanzania au Kenya anayelenga shahada ya kwanza Marekani, na ambaye nyumbani hawawezi kulipa ada, atakutana na CSS Profile mapema sana. Ile fomu ya serikali ya Marekani, FAFSA, haimhusu. Ni ya raia wao na baadhi ya wakaazi wasio raia wanaotambuliwa na sheria. CSS Profile inaendeshwa na College Board, hao hao wenye SAT, mtihani wa kuomba vyuo vya Marekani. Hufunguliwa tarehe 1 Oktoba kila mwaka, unaijaza mara moja mtandaoni, na habari za fedha za familia yako zinafika kwenye vyuo vyote ulivyochagua. Harvard (namba yake kwenye fomu ni 3434), Yale (3987), MIT (3514) na Amherst (3003) vinaitumia. 

Kwa kazi ya kubeba habari kwenda vyuo vingi, ni huduma nzuri. Tatizo ni kwamba ilitengenezwa kwa nyumba yenye mshahara wa benki, ritani ya kodi na mkopo wa nyumba.

Tuanze na bei. Chuo cha kwanza ni dola 25, kila kinachofuata dola 16. Vyuo sita ni dola 105, yaani zaidi ya laki mbili na nusu za Tanzania, kwa mtu anayeomba msaada kwa sababu hana hela! Msamaha wa ada ambao mfumo hutoa wenyewe ni wa wanafunzi wa ndani ya Marekani. Wa kwetu, hata aandike kipato kidogo namna gani, ukurasa wa mwisho utamdai. Dawa yake ni kuiandikia barua pepe ofisi ya msaada wa fedha ya kila chuo kabla ya kutuma fomu: taja jina kamili, nchi, kipato cha familia kwa mwaka, na uombe kusamehewa ada ya CSS Profile. Vipo vyuo vinavyotoa namba maalumu ya kuingiza mahali pa malipo, na vipo vinavyokubali ISFAA, fomu ya PDF isiyolipiwa. Andika mwanzoni mwa Oktoba, si wiki ya mwisho. Ukishalipa, usitegemee hela irudi.

Makosa yanayoharibu maombi mengi huanzia kwenye sarafu. Fomu inakuruhusu kujaza kwa shilingi na yenyewe inabadilisha kuwa dola. Mtu anachagua shilingi ya Tanzania, kisha kwa mazoea anapiga hesabu kwa dola na kuandika mapato ya 4,000. Hapo chuo kinasoma familia inayoishi kwa chini ya dola mbili kwa mwaka. Kosa la pili ni mwezi na mwaka: mshahara wa 900,000 kwa mwezi unapaswa kuandikwa 10,800,000, kwa sababu kisanduku kinauliza mwaka mzima.

Kwa mkulima, kaa chini na karatasi kwanza. Tuseme yamevunwa magunia 40 ya mahindi, 15 yakaliwa nyumbani, 25 yakauzwa kwa 70,000 kila moja. Mauzo ni 1,750,000. Toa mbolea, mbegu na vibarua, tuseme 600,000. Kilichobaki ni 1,150,000. Hesabu hiyo hiyo, mstari kwa mstari, iweke kwenye sehemu ya maelezo maalumu mwishoni mwa fomu, pamoja na yale magunia 15 ya chakula. Mama ntilie naye afanye hivyo kwa mauzo ya siku, siku za kazi kwa mwezi, na gharama za mkaa na unga.

Sehemu hiyo ya maelezo ndiyo yenye thamani kuliko zote kwa nyumba zetu, na wengi huiacha tupu. Afisa akiona mapato ya milioni 3 na matumizi ya milioni 7, swali lake la kwanza ni nani analipa tofauti. Kama shangazi ndiye anayelipa ada ya shule, sema hivyo na utaje kiasi. Kama baba ana nyumba mbili, eleza watoto wangapi wanamtegemea kwa kila mama. Kama nyumba ni ya urithi na haina hati, sema, kisha uweke makadirio ya kweli. Wazazi wakiwa wametengana, vyuo vingi hutaka habari za wote wawili. Baba asipojulikana alipo, kuna fomu ya kuomba chuo kisidai habari zake, na huambatanishwa na barua ya mtu asiye ndugu anayeijua familia, kama vile mwalimu au kiongozi wa dini.

Baadhi ya vyuo hukusanya vielelezo kupitia IDOC, mkono mwingine wa College Board. Mwajiriwa wa Kenya apeleke P9, karatasi ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi ya mwaka. Wa Tanzania, hati za mshahara na barua ya mwajiri. Asiye na ajira rasmi hujaza tamko la kutowasilisha ritani, na barua ya chifu au ya serikali ya mtaa inamsaidia. Kila kilicho kwa Kiswahili kiende na tafsiri ya Kiingereza. Skani kurasa zote za waraka mmoja kwenye faili moja, maana picha ya simu yenye kivuli cha mkono haisomeki. Na majina: yafuate pasipoti, kwa mpangilio ule ule kwenye Common App (fomu ya pamoja ya kuomba nafasi vyuoni) na hapa. Jina la babu likiwa la ukoo huku na la kati kule, vielelezo vinakosa mwenyewe.

Fomu pia inauliza familia itachangia kiasi gani. Vyuo vichache, vikiwemo Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin, havitazami uwezo wako wa kulipa wakati wa kuamua kukupokea, hata kama wewe ni mgeni. Vingi vilivyobaki hutazama. Andika kile familia inachoweza kukitoa kwa miaka minne, hata kama ni nauli na dola mia chache. Usijifanye huhitaji msaada kwa matumaini ya kuuomba ukishafika: vyuo vingi havimpi mwanafunzi wa kigeni ambaye hakuomba tangu mwanzo.

Kabla ya kubonyeza kutuma, hifadhi nakala na mpe mzazi asome tarakimu zake. Mfumo unakupa nafasi moja tu ya kusahihisha. Kosa utakalolikuta baada ya hapo utalipeleka kwa barua pepe, chuo kimoja kimoja.