Haibridi au la umeme kabisa? Magari matano ya kupima kabla hujaingia bondi

Kabla hujaniuliza ununue gari gani bondi, yaani kwenye yadi ya magari yaliyotumika kutoka nje, niambie kwanza litalala wapi usiku. Kama umepanga hapa Kampala, Kireka au Ntinda, ghorofa ya pili, na mita ya Yaka (umeme wa kulipia kabla) mnachangia na wapangaji wengine wanne, gari la umeme kabisa lisahau kwa sasa. Utateremsha waya dirishani mpaka lini, na majirani watakwambia nini yuniti zikikatika saa nane za usiku? Mwenye geti lake na mita yake, huyo tunaweza kuzungumza.

Tupige hesabu. Tuchukulie petroli Kampala ni shilingi 5,000 kwa lita. Toyota Premio, ya petroli tupu, kwenye foleni ya Jinja Road asubuhi hunywa lita 10 kwa kilomita 100, siku mbaya hata zaidi. Toyota Aqua, ambayo ni haibridi (injini ya petroli na mota ya umeme pamoja), hunywa lita 5. Nissan Leaf, ya umeme mtupu, hula kama yuniti 18, pamoja na zile zinazopotea wakati wa kuchaji. Mimi huhesabu shilingi 900 kwa yuniti, VAT ikiwa ndani, nisije nikajidanganya. Kwa mtu anayekwenda kilomita 1,000 kwa mwezi, Premio itakula 500,000, Aqua 250,000, Leaf kama 160,000. Tazama vizuri: kutoka Premio kwenda haibridi unaokoa robo milioni kila mwezi. Kutoka haibridi kwenda umeme mtupu unaongeza akiba ya 90,000 tu. Hizo 90,000 ndizo utakazopimia usumbufu wote wa waya, umeme kukatika na safari za mbali. Kwangu mimi hazitoshi, na ndiyo maana Leaf utaikuta chini kwenye orodha yangu.

1. Toyota Fielder Hybrid (au ndugu yake Axio). Zilitoka mwaka 2013, na injini ni ileile ya lita 1.5 iliyomo kwenye Aqua. Shokamzoba, taa na vioo, fundi yeyote wa Kisekka, soko la vipuri, anavijua, maana Fielder za kawaida zimejaa mji mzima. Buti inameza mikungu mitatu ya matoke na mzigo wa shemeji kutoka Masaka. Bei iko juu ya Aqua, lakini ukiwa na hela ya kuongeza, ongeza.

2. Toyota Aqua. Ndiyo ninayoendesha, kwa hiyo nitaisema kwa mema na mabaya. Iko chini sana: mvua ikinyesha na maji yakasimama pale Clock Tower, mimi nageuza. Viti vya nyuma ni vya watoto, au watu wazima wasiolalamika. Ila kwenye foleni injini inazima yenyewe, gari linasogea kwa mota, na mshale wa mafuta unabaki palepale hadi unadhani umeharibika.

Mwezi wa nane tangu niitoe bondi, niko Northern Bypass, dashibodi ikawasha pembetatu nyekundu na gari likaishiwa nguvu. Fundi wa kwanza hata boneti hakufungua. Akasema betri kubwa imekufa, ibadilishwe nzima, akataja bei ya ng'ombe wa maziwa na ndama wake. Nikaenda kwa mzee mmoja mwenye gereji ya mabati. Akapiga magoti kando ya kiti cha nyuma, akatoa kifuniko kidogo chenye matundu ambacho mimi nilidhani ni spika. "Ssebo (bwana), betri yako inakosa hewa." Ndani mlijaa vumbi jekundu la barabara ya nyumbani kwangu, pamoja na karatasi ya biskuti ya mwanangu. Feni ya kupoza betri ilikuwa imefungwa kabisa. Akasafisha kwa brashi na hewa ya kompresa, akaizima ile taa ya dashibodi kwa mashine. Huu mwaka wa pili haijarudi.

Usipokutana na mzee kama huyo, angalau jua mambo mawili. Haibridi ina betri mbili, na ile ndogo ya volti 12 ikichoka gari linakataa kuwaka. Wengi huambiwa ni ile kubwa iliyokufa. Pili, ukishauriwa kubadilisha seli moja tu mbovu ya betri kubwa, kumbuka zilizobaki zina umri uleule, na mara nyingi nazo zinafuata.

3. Toyota Prius Alpha. Ya familia. Ya viti saba ina betri ya lithiamu, ya viti vitano ina ya nikeli. Injini yake ya 1.8 ina ugonjwa unaojulikana: njia ya kurudishia moshi hujaa masizi, na baada ya muda gasketi ya silinda huungua. Nenda kaione asubuhi kabla haijawashwa. Ikitetemeka na kugonga injini inapoamka, au maji ya rejeta yakiwa yamepungua, shukuru muuzaji uondoke.

4. Nissan Leaf yenye betri ya 40 kWh (yuniti 40), ya kuanzia 2017. Haina oili ya injini, haina plagi, breki hudumu. Lakini betri yake haina mfumo wa maji wa kuipoza, hivyo joto huichosha. Pembeni mwa kipimo cha chaji kuna vistari 12 vidogo. Vikishapungua, betri imeshapoteza uwezo. Kwa soketi ya kawaida, usiku mmoja unakupa kama kilomita 120. Betri ikijaa, Kampala–Jinja na kurudi, sawa. Mbarara, kilomita 270 kwenda tu, chukua basi. Zile za mwanzo za 24 kWh usiziguse hata ukipewa punguzo.

5. Honda Fit Hybrid ya 2013 kuendelea. Inavutia na bei yake ni nafuu. Giaboksi yake ya klachi mbili ilifanya Honda iyarudishe magari hayo gereji mara kadhaa huko Japani. Sitaki kuwa mtu wa kwanza mtaani kujifunza kuitengeneza.

Kuhusu umri: tangu 2018 Uganda hairuhusu kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe, kwa hiyo Aqua za 2012 ziko ukingoni, na wauzaji wa nje wanazisukuma kwa bei tamu. Gari likiwa kuukuu kuna na ushuru wa mazingira. Omba hesabu ya URA, mamlaka ya mapato, kabla ya kutuma hata senti.

Ukifika bondi, waache wakupigie muziki na kukuonyesha kamera ya nyuma. Wewe beba tochi, fungua mlango wa nyuma, piga magoti kando ya kiti, utafute kile kifuniko chenye matundu.