Paatal Lok, msimu wa kwanza: jinsi mwizi wa magari anavyobambikiwa ugaidi

Anayetafuta tamthilia ya polisi wa Kihindi yenye magari ya kupinduka na askari mmoja anayechapa majambazi thelathini, aitafute kwingine. Paatal Lok ni tamthilia ya majalada, simu za wakubwa, lokapu yenye watuhumiwa wanne na inspekta mmoja ambaye kazi imempita pembeni. Nimeitazama hadi mwisho na naiweka juu ya tamthilia zote za polisi wa India nilizoziona. Inaonyesha, hatua kwa hatua, jinsi mwizi wa magari anavyogeuzwa gaidi kwenye karatasi kwa sababu ya jina lake, na inamweka polisi Mwislamu kwenye kituo hicho hicho, akiyaona yote.

Ilianza kuonyeshwa Amazon Prime Video tarehe 15 Mei 2020. Msimu huu una sehemu 9, nyingi zikiwa kati ya dakika arobaini na hamsini. Aliyeibuni ni Sudip Sharma, walioiongoza ni Avinash Arun na Prosit Roy, na fedha na usimamizi vilitoka kwenye kampuni ya mwigizaji Anushka Sharma. Kwenye tuzo za Filmfare za tamthilia za mtandaoni za mwaka 2020 ilichukua ya tamthilia bora, na Jaideep Ahlawat akachukua ya mwigizaji bora wa kiume. Kwa Ahlawat sina ubishi hata kidogo.

Kisa kiko Delhi. Watu wanne wanakamatwa kwenye daraja kwa madai ya kupanga kumuua Sanjeev Mehra, mtangazaji maarufu wa televisheni (Neeraj Kabi). Kesi inaangukia kituo cha Outer Jamuna Paar, ng'ambo ya mto Yamuna, upande ambao matajiri wa Delhi hawana shida ya kwenda. Inspekta Hathi Ram Chaudhary (Ahlawat) anakabidhiwa jalada na DCP (naibu kamishna wa polisi) Bhagat. Kwa nini amepewa yeye, wakati wapo wenye sifa kubwa kuliko zake? Swali hilo lina jibu, na jibu linauma, lakini silitaji hapa. Msaidizi wake ni Imran Ansari (Ishwak Singh), afisa kijana Mwislamu, msomi, mpole wa sauti, ambaye usiku anajisomea mtihani wa utumishi wa serikali.

Hapa mtazamaji wa kwetu anahitaji kujua mambo mawili, la sivyo nusu ya utamu utampita.

La kwanza ni vyeo. Polisi wa India wana milango miwili ya kuingilia. Mmoja ni wa chini: konstebo, au sub-inspekta kama Ansari, ambapo mtu anaweza kutumikia maisha yake yote akastaafu na nyota tatu za inspekta. Mwingine ni wa juu: mtihani wa UPSC, tume ya utumishi wa umma ya India, wenye mchujo, maandishi na usaili, unaowachukua vijana wa IPS, yaani kada ya maafisa wakuu wa polisi, na kuwaweka moja kwa moja juu ya mainspekta wenye miaka ishirini kazini. Kwa hiyo Ansari akifaulu, atarudi akiwa mkubwa wa Hathi Ram. Wote wawili wanalijua hilo tangu mwanzo, na namna inspekta anavyolipokea ni miongoni mwa mambo mazuri kabisa ya msimu huu. Jambo jingine la kukumbuka: polisi wa Delhi hawako chini ya serikali ya jimbo la Delhi, wako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya serikali kuu. Siasa ikitaka kuingia kwenye jalada, njia yake ni fupi sana.

La pili ni sheria ya ushahidi. Utaona watuhumiwa wanapigwa, na unaweza kujiuliza mbona hawapelekwi mahakamani baada ya kukiri. Nchini India kukiri mbele ya polisi hakukubaliki kama ushahidi. Kanuni hiyo ilikuwa kifungu cha 25 cha Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1872, na imeendelea kuwepo kwenye sheria mpya zilizoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Kinachokubalika ni ile sehemu ya maelezo iliyofanya kitu kipatikane: bunduki, simu, maiti. Ndiyo maana polisi wa kwenye tamthilia hawahangaiki na sahihi ya mtuhumiwa; wanatafuta mahali, kitu, au jina la mtu wa kumfuata. Sheria hiyo ya 1872 ndiyo iliyotumika Tanganyika enzi za Mwingereza hadi tulipotunga yetu mwaka 1967, ila sisi tulikwenda njia tofauti: kwetu maelezo ya onyo yaliyotolewa kwa hiari mbele ya polisi wa kuanzia cheo cha koplo yanaweza kupokelewa mahakamani. Mtanzania asipoijua tofauti hiyo atadhani waandishi wameacha pengo.

Sasa nije kwenye kiini chake. Mmoja wa watuhumiwa, yule mwizi wa magari, anaitwa Kabir M. Ile herufi M ni Mohammad, lakini yeye ameifupisha ili asijulikane. Polisi wanapopekua vitu vyake wanakuta cheti cha daktari kinachosema alitahiriwa kwa sababu za kitabibu. Kikaratasi hicho kinabeba mzigo mkubwa kuliko mazungumzo yoyote. Kuna mtu anayetembea na uthibitisho wa hospitali ili, akivuliwa nguo na kundi la watu wenye hasira, awe na cha kuonyesha. Kaka yake aliuawa na kundi la namna hiyo kwa tuhuma za kubeba nyama ya ng'ombe. Waandishi hawakuota ndoto. Mwaka 2015 huko Dadri, Uttar Pradesh, Mwislamu mmoja alipigwa hadi kufa nyumbani kwake baada ya uvumi kuwa familia ina nyama ya ng'ombe, na mwaka 2017 kijana wa Kiislamu alichomwa visu ndani ya treni karibu na Ballabhgarh, Haryana.

Katikati ya msimu Hathi Ram anasimamishwa kazi na kesi inahamishiwa CBI, idara ya upelelezi ya serikali kuu. Hapo ndipo ubambikiaji unapoanza, na tamthilia inautazama kwa utulivu wa kutisha. Mtuhumiwa mwenye jina la Kiislamu tayari yupo. Kunaongezwa maandishi ya Kiurdu yaliyodaiwa kukutwa kwake. Unaitwa mkutano wa waandishi wa habari, inatajwa Pakistan, linatajwa shirika lake la ujasusi, ISI. Kufikia jioni televisheni zote zina gaidi. Hakuna anayetoa amri kwa sauti kubwa, na hakuna mtu mmoja muovu wa kumlaumu. Kila mtu anafanya kipande chake kidogo kinachomfaa, jalada linafungwa vizuri, mtangazaji aliyekuwa karibu kufukuzwa kazi anakuwa shujaa wa taifa. Wenzetu waliowahi kuona kesi ikibambikwa hawatahitaji kuelezwa zaidi.

Onyesho ambalo bado sijalitoa kichwani ni la baba yake Kabir. Mzee hapigi kelele wala halii. Anamweleza Hathi Ram kwa upole kwamba alimlea mwanawe bila hata kumruhusu awe Mwislamu wa kuonekana, ili asalimike, na serikali imemfanya kuwa mpiganaji wa jihadi. Kamera inabaki kwenye uso wa inspekta. Ahlawat hafanyi chochote. Macho tu ndiyo yanayopoteza mahali pa kutua. Mwigizaji mwingine angeshusha chozi na kuliharibu onyesho zima.

Ansari anaubeba ubaguzi kwa upande wake, na hapo ndipo uandishi unaponoga. Hakuna anayempiga wala kumfukuza. Kuna mizaha ya wenzake kituoni, kuna pongezi zenye mwiba ndani kwamba siku hizi watu wa jamii yenu mnasonga mbele, kuna Hathi Ram mwenyewe, bosi anayempenda, anayemtukana Kabir kwa tusi la dini katikati ya mahojiano akisahau nani amesimama nyuma yake. Ukimya unaofuata ni wa sekunde chache. Ansari hajibu, na inspekta hana pa kuuweka uso. Kwa kuwa baadaye haombi msamaha kwa hotuba ndefu, urafiki wao unaaminika: mabadiliko yanaonekana kwenye namna anavyomlinda kijana na anavyomsukuma asiuache mtihani wake.

Idadi zenyewe zinaeleza kwa nini Ansari yuko peke yake chumbani. Ripoti ya mwaka 2006 ya Kamati ya Sachar, iliyoundwa na serikali ya India kuchunguza hali ya Waislamu, ilikuta Waislamu ni asilimia 4 tu ya maafisa wa IPS, wakati kwa sensa ya 2001 walikuwa asilimia 13.4 ya wananchi. Na mahali penyewe pana uzito wake. Sehemu ya nne imechukua jina la Seelampur, mtaa wa kaskazini mashariki mwa Delhi, ng'ambo ya Yamuna. Februari 2020 eneo hilo la mji lilikumbwa na ghasia za Wahindu na Waislamu zilizoua watu 53. Tamthilia ilikuwa imeshapigwa picha. Ilipotoka Mei, watazamaji wa Delhi waliitazama majeraha yakiwa mabichi.

Isichukuliwe kuwa ni habari ya dini pekee. Watuhumiwa wengine watatu wana mizigo yao. Tope Singh ni Dalit, mtu wa tabaka la chini kabisa, wa Punjab aliyenyanyaswa na vijana wa tabaka la juu. Cheeni ni mtoto wa mitaani aliyekua akiwa mwanamke katika mwili aliozaliwa nao wa kiume, na amechezwa kwa heshima kubwa na Mairembam Ronaldo Singh wa Manipur. Vishal Tyagi (Abhishek Banerjee), muuaji wa nyundo kutoka Chitrakoot, huongea maneno ya kuhesabika msimu mzima na bado anatisha kuliko wote. Chitrakoot iko mpakani mwa Uttar Pradesh na Madhya Pradesh, na ndiko siasa ya kura za matabaka inakokutana na bunduki za majambazi wa porini. Ukitaka kujua nani alitaka nani afe, sikiliza kwa makini kila jina linalotajwa huko: Bajpayee mwanasiasa, Gwala Gujjar mkandarasi, na yule mkubwa anayeitwa Masterji. Ukikosa mmoja, sehemu mbili za mwisho zitakuchanganya.

Kasoro zipo. Upande wa Mehra na mkewe Dolly unavuta mguu, hasa sehemu za katikati, kila mara tunapokuwa tumeanza kushika kasi na Hathi Ram tunarudishwa sebuleni kwa matajiri. Naelewa kwamba mapenzi ya Dolly kwa mbwa yana kazi yake kwenye kisa, na ukifika mwisho utaona kazi hiyo ilivyo kubwa, lakini nusu ya maonyesho hayo ingetosha. Kasoro nzito zaidi ni wanawake wa vijijini. Wanabakwa ili wanaume wapate sababu ya kulipa kisasi, kisha wanatoweka kwenye hadithi bila sisi kuwasikia. Tamthilia inayowasikiliza wanyonge kwa makini kiasi hiki ilipaswa kuwapa hao nao sauti.

Kuhusu kuitazama: weka sauti ya Kihindi ya asili na maandishi ya Kiingereza chini ya skrini. Kihindi cha Hathi Ram kina lafudhi ya Haryana, nzito na ya kijijini, na ndiyo sababu wakubwa wa mjini wanamdharau kabla hajamaliza sentensi. Ansari anaongea Kihindi cha darasani. Watu wa Chitrakoot wana chao. Hata kama huelewi neno, sikio linaipata tofauti. Ukiipata kwa tafsiri ya DJ utafuata kisa, ila hilo lote litafunikwa na sauti ya mtu mmoja. Programu ya Prime Video inaruhusu kupakua, basi pakua sehemu mbili au tatu ukiwa kwenye Wi-Fi, kwa sababu ni aina ya tamthilia inayoharibika ikikatikakatika. Usiihukumu kwa sehemu ya kwanza. Ile inapanga vyombo tu. Ya tatu ndiyo inayokamata.

Usiiweke sebuleni watoto wakiwepo, wala wazazi. Matusi ni mengi na ya wazi, kuna ukatili wa kingono, ukiwemo wa kufanyiwa mtoto, na damu haifichwi. Familia ya Hathi Ram mwenyewe, mkewe Renu (Gul Panag) na mtoto wao wa kiume anayeona aibu shuleni kuwa na baba inspekta tu, ndiyo inayotoa nafasi ya kupumua, ingawa nako kuna makofi.

Msimu wa pili ulitoka tarehe 17 Januari 2025, sehemu 8, na unahamia Nagaland kule kaskazini mashariki. Suala la Wahindu na Waislamu linakaa nyuma, linakuja la namna Delhi inavyowaona watu wa mipakani. Ansari sasa ni IPS, na ndiye mkubwa. Usianze na huo. Namna Hathi Ram anavyompigia saluti kwa mara ya kwanza haitakuwa na maana yoyote kwako kama hukuwaona wawili hao kwenye gari bovu la Outer Jamuna Paar, kijana akisikiliza mzee akieleza dunia tatu, ya miungu, ya watu na ya wadudu (hii ya mwisho ndiyo Paatal Lok), na kukiri kwamba iko kwenye maandiko matakatifu lakini yeye ameisoma WhatsApp.