Kongamano la waandishi: kilichonifaa zaidi ni kusomewa mswada

Nilijisajili nikiwa na riwaya iliyokwama katikati. Sura za mwanzo zilikuwepo, mwisho nilikuwa naujua, lakini kila nilipokaa kuendelea nilijikuta narekebisha ukurasa wa kwanza. Nilitaka hamu ya kuandika inirudie, na nilitaka mtu anayeijua kazi hii aniambie ukweli. Yote mawili niliyapata, ingawa si kwenye ukumbi mkubwa.

Ada ilijumuisha kusomewa kurasa za mwanzo za mswada. Unazituma mapema, mhariri anazisoma, kisha mnakaa wawili kuzizungumzia. Muda ni mfupi, lakini mhariri wangu alikuja na kurasa zimejaa wino. Akaniuliza kuhusu mhusika wangu mkuu: "Huyu mama anataka nini asubuhi hii?" Nikaanza kumsimulia historia ya familia nzima. Alinisikiliza hadi mwisho, akarudia swali lilelile. Hapo nikaelewa kwa nini riwaya ilikuwa haisogei: mhusika wangu alipatwa na mengi, lakini hakuna alichokuwa akikitafuta. Asiyetafuta kitu hawezi kukikosa, na asipokosa, sura ya tisa inasimulia nini? Niliandika upya tukio la kwanza usiku uleule, na katikati pakaanza kufunguka penyewe.

Kwa hiyo mtu akiniuliza achague kongamano gani, namwambia aulize kwanza nani atasoma kazi yake. Mkutano wa waandishi wa Afrika uliofanyika Makerere mwaka 1962 unakumbukwa kwa mijadala yake kuhusu fasihi na lugha. Kinachonigusa mimi zaidi ni kwamba Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati huo mwanafunzi aliyejulikana kama James Ngugi, alimpa Chinua Achebe mswada wake ausome. Riwaya hiyo ilichapishwa mwaka 1964.

Warsha ya mazungumzo ya wahusika nayo ilinijenga sana. Tuliambiwa tuandike ugomvi wa watu wawili bila kukitaja kinachogombaniwa. Mshiriki mmoja aliandika mume na mke wakibishana juu ya dirisha lililoachwa wazi, na sote chumbani tukajua kuna mtoto aliyeondoka nyumbani. Zoezi hilo bado nalifanya ninapoona wahusika wangu wanaelezana mambo ambayo wote wawili tayari wanayajua.

Kipindi cha mikataba sikukitarajia kiwe kizuri hivyo. Mwezeshaji alitufanyia hesabu ubaoni. Mrabaha, yaani malipo ya mwandishi kwa kila nakala inayouzwa, wa asilimia 10 ya bei iliyoandikwa kwenye jalada si sawa na asilimia 10 ya fedha anayopokea mchapishaji, kwa sababu maduka huuziwa vitabu kwa punguzo. Duka likiuziwa kitabu cha shilingi 1,000 kwa punguzo la asilimia 40, mwandishi anapata 100 kwa hesabu ya kwanza na 60 kwa ya pili. Asilimia ni ileile, mkataba unaonekana uleule, ila neno moja limekupunguzia karibu nusu ya pato. Alitusisitizia pia tutafute kifungu kinachoeleza haki zinarudi lini kwa mwandishi kitabu kikiacha kuchapishwa, na tusiuze haki za tafsiri na filamu kwa pamoja na zile za kitabu bila kuzifikiria. Waandishi wengi tunaona haya kuuliza habari za fedha. Pale ziliulizwa waziwazi, na nilifurahi mno.

Mijadala ya jukwaani ndiyo iliyonipa kidogo kuliko yote. Wazungumzaji walikuwa wengi kwa muda mfupi, kila mmoja akaeleza safari yake, na kipindi cha maswali kikamezwa na watu waliosimama kutoa hotuba zao wenyewe. Vipindi vizuri viliwekwa kwa wakati mmoja, kwa hiyo aliyechagua ushairi aliikosa hadithi fupi, na havikurekodiwa. Kwa ada ile, waandaaji wangeweza kurekodi.

Hata hivyo palikuwa na kitu jukwaani ambacho sitakisahau. Mwandishi mmoja mkongwe alitusomea ukurasa kutoka kwenye rasimu aliyokuwa bado anaiandika, pamoja na sentensi alizozikata, akatueleza moja moja kwa nini alizikata. Kumwona mtu mwenye vitabu vingi bado anahangaika na aya moja kulinipa nguvu kuliko maneno yote ya kutia moyo.

Kama huna kitu ulichoandika, ningekushauri usubiri. Andika kwanza, hata kurasa chache, ili uwe na la kumwonyesha mhariri. Na kama ada haijumuishi kusomewa mswada, pesa hiyo mimi ningempelekea mhariri mzuri moja kwa moja. Kongamano hili linajumuisha, na kurasa za riwaya mpya nimeshaanza kuziandaa kwa ajili ya lijalo.