Ugali na mboga, Mwaloni Kirumba

Nimezaliwa Tanga. Kwetu mboga ni mchicha, kisamvu, matembele. Samaki na nyama ni kitoweo. Siku ya kwanza kwenye kibanda kimoja cha mama lishe pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza, nikaulizwa, "Dada, mboga gani?" Nikajibu mchicha. Nikaletewa ugali na mchicha mtupu, huku sato wa wenzangu wakipita mbele ya macho yangu! Mwanza, chochote kinachoshushia ugali ni mboga, hata sato mzima.

Sasa naagiza ipasavyo: sato wa kuchemsha, nyanya na ndimu, shilingi 6,000. Ni wa asubuhi hiyo hiyo, mchuzi mwepesi, ugali wa udaga, yaani unga wa muhogo uliovundikwa, unavutika vizuri. Maji ya kunawa tu ndiyo huwa hayatoshi mchana.

Jambo moja limenigusa. Nilitaja mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani minofu ikishatolewa, kwa sauti ya kudharau. Mama akanirekebisha taratibu: "Mwanangu, hayo yamenisomeshea watoto." Tangu hapo nalitamka neno hilo kwa heshima.

Fika kabla ya saa saba, sato huwahi kuisha.