Rufaa ya fidia ya goti langu: eti nilikuja nalo kutoka Kenya!

Nimezaliwa Kenya, nikatumikia jeshi la Marekani hadi goti la kulia likakataa. Nikaomba fidia ya ulemavu, nikapelekwa kwa daktari wa kampuni inayowapima maveterani, yaani waliowahi kuwa wanajeshi, kwa niaba ya serikali. Hasira yangu ilianzia hapo.

Yule daktari hata salamu hakutoa. Alisoma jina langu kwenye kompyuta, akatazama goti, akauliza: "Hili hukuja nalo kutoka kwenu?" Mimi! Mtu niliyekaguliwa mwili mzima siku ya kuingia jeshini, nikatembezwa nimechuchumaa kama bata mbele ya madaktari, wakaandika kwamba ni mzima! Kipimo cha pembe, ile rula ya plastiki yenye mikono miwili, kilikuwa pale mezani. Hakukigusa. Nilikunja goti mara moja tu, akaandika, akanifungulia mlango.

Barua ikaja: ombi limekataliwa, tatizo lilikuwepo kabla ya jeshi.

Jamani, sheria iko wazi. Kama uchunguzi wa kuingia haukuandika tatizo, unahesabiwa uliingia ukiwa mzima, na ni juu ya serikali kuleta ushahidi usio na shaka wa kupinga hilo. Tangu lini dharau ikawa ushahidi?

Tangu Februari 2019 rufaa za fidia ya maveterani zina njia tatu: kupeleka ushahidi mpya, kuomba afisa mwandamizi apitie faili, au kwenda Bodi ya Rufaa. Nilichukua ya pili, fomu 20-0996. Huko huruhusiwi kuongeza ushahidi wowote, lakini wangu ulikuwa tayari ndani ya faili. Wekeni alama pale pa kuomba mazungumzo ya simu, msiparuke! Mwakilishi wa chama cha maveterani alinijazia kila kitu bila kunitoza hata senti, Mungu ambariki.

Afisa alipopiga simu nilimwomba afungue ule uchunguzi wa kuingia. Akanyamaza kidogo, akasema, "Nimeuona." Akaamua kuna kosa, nipimwe upya. Daktari wa pili aliikamata ile rula, akapima, akarudia, akauliza linaanza kuuma wapi. Nikapewa kiwango cha ulemavu cha asilimia 10, na malipo yakahesabiwa tangu ombi la kwanza.

Kwa hiyo rufaa naipa nyota tano. Nilikuwa nimeamua hivyo, lakini kadiri ninavyoandika damu inachemka. Hakuna aliyeniomba radhi. Ripoti ile ya uongo ingali ndani ya faili langu. Na ndugu zetu wangapi walipata barua kama yangu, wakaiweka kabatini, mwaka mmoja wa kukata rufaa ukawapita? Nyota mbili, na zote ni za yule afisa wa simu na mwakilishi wangu.

Nina dai jingine, la mgongo, na bado nasubiri kupimwa. Nikimkuta daktari yule yule, nageuka mlangoni na malalamiko yangu nayapeleka kwa maandishi siku hiyo hiyo.